Bint Amekosa Nairobi: Sasa Wapi?



Alkhamisi iliyopita, darsa la akina mama lilipokwisha na wenyewe kutawanyika, alibaki mama mmoja nyuma pamoja na bintiye. Simu aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea khabari ya msiba. "Sheikh," akatwambia, "mtoto amekosa Nairobi. Mwaka umekwenda bure." Bint alikuwa ameinamisha kichwa, ukingo wa mtandio ukimfunika nusu ya uso.

Tukawakaribisha wakae, tukatoa miwani, tukaisoma ile simu. Hakukuwa na msiba. Bint amepata B isiyo na cha kujumlisha wala cha kutoa katika mtihani wa kidato cha nne, na katika skuli yao wasichana waliomshinda ni wa kuhesabiwa kwa vidole. Aliomba Shahada ya Uuguzi. Chaguo la kwanza Chuo Kikuu cha Nairobi, na machaguo yaliyofuata ni vyuo vingine vya huko huko ambavyo wanaoviomba ni wengi vile vile. KUCCPS, yaani lile shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, halikumpangia popote. Limemfungulia mlango wa pili wa kurekebisha machaguo, na mlango huo ulikuwa umebakisha siku tano kufungwa.

Tukamwuliza mama, "Mmeshaomba tena?"

"Baba yake anasema kama si Nairobi, bora akae arudie mtihani. Yeye yuko Doha, amekwisha waambia wenzake kazini kwamba bint yake anakwenda Nairobi. Na mimi, Sheikh, watu watanambia nini? Harusini watu huulizana watoto wao wako wapi."

Tukamwelekea bint. "Na wewe, mwanangu, wataka nini?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi nataka uuguzi, Sheikh. Nairobi ni baba aliyeitaka."

Kwa kuwa tunajua nyumba nyingi msimu huu zina simu kama ile na baba kama yule, tumeona tuyaandike hapa tuliyozungumza na jamaa hao kwa muda wa siku tatu. Mambo mengine tulikuwa hatuyajui, tukalazimika kuwauliza vijana wetu waliosoma.

Kwanza tumtetee kidogo baba. Wazazi wa umri wetu hatukuzaliwa katika nchi yenye vyuo vikuu vingi. Tulipokuwa wadogo neno chuo kwetu lilikuwa ni chuo cha Kurani, na likitajwa la chuo kikuu basi ni Nairobi, hakuna pengine. Na hiyo haikuwa dhana tu. Nairobi ilianza mwaka 1956 kwa jina la Royal Technical College, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na ilibaki peke yake katika Kenya mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984. Mtu aliyekulia wakati ule, na hasa aliyeondoka kwenda kutafuta rizki Ghuba akiwa kijana, hana habari kwamba Kilifi pana chuo kikuu chenye hati ya serikali tangu 2013, na kwamba Voi nako kuna chengine kilichopewa hati mwaka 2016. Kwake yeye, kukosa Nairobi ni kukosa chuo. Hasemi kwa kiburi. Anasema kwa ramani ya zamani.

Na ramani hiyo ina upungufu mwengine. Ile taasisi iliyopo Tudor, ambayo wengi wetu tunaipita kila siku bila ya kuitazama, ina nasaba ya Kiislamu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, na wazee wetu wakikiita MIOME. Mali ya kukijenga ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa jamaa wa Kibohora na kwa serikali ya wakati huo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1966 kikageuzwa jina, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu. Wazee wetu walichanga ili watoto wapate pa kusoma karibu na nyumbani. Leo wajukuu wao wakipangiwa hapo nyumba nzima hununa.

Katika chuo hicho hicho cha MIOME alifanya kazi ya ukarani kijana mmoja aliyekosa nafasi Makerere. Makerere wakati huo ndiyo ilikuwa elimu ya juu ya Afrika Mashariki nzima, na kijana huyu matokeo yake ya Cambridge School Certificate hayakumfikisha. Alikuwa ni mwana wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ambaye katika miaka ya 1930 alitoa gazeti la Al-Islah akiwahimiza Waislamu wasome. Fikirieni fedheha ya nyumba kama ile: baba ndiye aliyeandika gazeti kuhusu elimu, na mwana amekosa chuo. Kijana huyo, Ali Mazrui, baadaye alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, akasoma Manchester, kisha Columbia kule New York, kisha Oxford alikopata udaktari wake mwaka 1966. Na Makerere? Alirudi huko mwaka 1963, safari hii akiwa ni mwalimu, na akafika daraja ya profesa.

Hatukisimulii kisa hiki ili kila aliyekosa nafasi ajione ni Mazrui. Tumewasikia watu wakikitumia kama mto wa kulalia. Yeye hakukaa nyumbani kungojea Makerere imwite mara ya pili. Alishika kazi iliyokuwepo, akaendelea kusoma, na mlango ulipofunguka ulimkuta yuko macho. Mama wa Alkhamisi alipokisikia alitabasamu kwa mara ya kwanza, na bint akainua kichwa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nini maana ya kusema chuo hiki kinafanana na Nairobi?

Tuanze na ile alama inayowatia watu hofu. Kila mwaka huzungumzwa kwamba kozi fulani Nairobi inataka alama kadha, na chuo chengine kinataka chache zaidi, na watu hufahamu kwamba kile cha pili ni duni. Sivyo. Shirika hutazama mambo mawili: masomo manne yanayohitajiwa na kozi, ambayo kila moja lina pointi 12 na jumla yake ni 48; na masomo saba ya mtihani mzima, ambayo jumla yake ni 84. Hesabu ikifanywa kila mwanafunzi hupata alama yake kwa kozi ile. Kisha wanafunzi hupangwa kuanzia wa juu kuteremka mpaka nafasi ziishe. Alama ya yule wa mwisho aliyeingia ndiyo inayotangazwa. Haikuwekwa na maprofesa waliokaa wakapima ubora wa mafunzo yao. Imewekwa na wingi wa waombaji. Mwakani wakiomba wachache itashuka, na walimu ni wale wale.

Kwa hivyo alama hiyo hutueleza zaidi kuhusu jina la chuo kuliko kuhusu darasa lake. Mama mmoja muuza samaki angelifahamu jambo hili kwa wepesi: nguru ni mmoja, lakini kwenye gati wanunuzi wakiwa wengi bei hupanda.

Na hapa ndipo bint huyu alipokosea, na wengi hukosea. Machaguo yake yote aliyaweka juu ya alama yake mwenyewe. Fomu ina nafasi kadha kwa sababu, na hekima yake ni kupanga ngazi: moja ya kutamani, moja au mbili zinazolingana na alama zako kwa kutazama za mwaka uliopita, na moja ya salama ambayo ukipewa utaisoma kwa moyo safi. Kuandika vyuo vinne vya kilele ni kuomba mara nne jambo moja. Hakuna aliyemwelekeza. Skuli iliwapa nusu saa kwenye kompyuta, foleni nyuma, basi.

Jambo la pili ni idhini, na hapa tunawaomba wasomaji watusamehe kwani tutasimulia aibu yetu wenyewe.

Miaka kadha iliyopita alikuja kwetu kijana mmoja nadhifu, mwenye mkoba na maneno mazuri, akaomba ruhusa ya kubandika bango la chuo kimoja cha kibinafsi kwenye ukuta wa madrasa. Kozi za afya, karo nafuu, maombi yanapokewa. Tukaruhusu. Hatukuuliza swali hata moja. Bango lilikuwa na picha ya msichana aliyevaa hijabu, na sisi tukatosheka na hiyo. Wazazi wakaona, wakasema ikiwa liko ukutani mwa madrasa basi masheikh wamekwisha lihakikisha. Mpwa wetu mwenyewe akajiunga, pamoja na wasichana wawili wa mtaani. Walisoma, walilipa, mama wa mmoja wao aliuza bangili zake. Walipomaliza na kupeleka vyeti ili wasajiliwe kufanya kazi, wakajibiwa kwamba kozi ile haikuidhinishwa na baraza linalohusika, na cheti chao hakiwaruhusu kumgusa mgonjwa. Mpwa wetu leo ni dereva wa tuktuk, alhamdulillah rizki ni ya halali, lakini hajawahi kututaja lawama, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Tangu siku hiyo ukuta wa madrasa haubandikwi kitu ila ratiba ya sala na matangazo ya mazishi.

Mzazi basi asiulize tu, "Chuo hiki kina hati?" Hilo ni swali moja, na jawabu lake liko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Swali la pili ni hili: kozi hii, katika chuo hiki, katika tawi hili, imeidhinishwa na baraza la kazi yake? Uuguzi una Baraza la Wauguzi la Kenya. Uhandisi una Bodi ya Wahandisi. Utabibu na meno vina baraza lao, sheria ina Baraza la Elimu ya Sheria, famasia ina bodi yake. Vyuo vya ufundi vinasimamiwa na TVETA. Mabaraza haya huweka orodha za vyuo na kozi walizozikubali, na orodha hizo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama. Chuo kikuu kikubwa chaweza kuwa na hati halali kabisa na kozi moja mpya ndani yake ikawa bado haijakubaliwa na baraza. Hili limewahi kuwafika wanafunzi wa uhandisi wa vyuo vya umma nchini, seuze vya mabango.

Na ukisha kuhakikisha idhini, jambo la kupendeza hujitokeza. Muuguzi aliyesoma Nairobi na muuguzi aliyesoma Kilifi au Kakamega huketi kwenye mtihani mmoja wa Baraza la Wauguzi kabla ya kupewa leseni. Wakili aliyesoma popote hupita Kenya School of Law kabla ya kuvaa joho. Mtihani huo hauulizi umetoka wapi. Hapo ndipo kufanana kwenyewe kulipo: shahada ile ile, baraza lile lile, leseni ile ile.

Yaliyobaki ni ya kutazamwa kwa macho. Muuguzi hujifunza kitandani kwa mgonjwa, kwa hivyo uliza wanafunzi hupelekwa hospitali gani na hukaa huko muda gani. Chuo kilicho karibu na hospitali kubwa ya kaunti kina heri kuliko chenye ukumbi wa marumaru. Chuo Kikuu cha Pwani, kwa mfano, kiko katika mji mmoja na hospitali ya Kilifi ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1989, na wataalamu wa dunia nzima huja hapo kujifunza juu ya malaria. Mtoto wa Mtwapa anaona ajabu kwenda huko, na daktari wa Oxford hupanda ndege ili afike.

Na kozi nyengine ndizo hasa za kwetu. Mwenye kutaka elimu ya viumbe vya bahari, atafute nini Nairobi ambako hakuna bahari? Pwani inafundisha elimu hiyo, Tudor inafundisha mambo ya ubaharia na uhandisi, Bandari Maritime Academy iko hapa hapa, na taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi ina makao yake makuu Mombasa. Mwenye kutaka uhandisi wa madini aulize Voi. Mwenye alama za kutosha kuingia diploma, ambayo ni C ya kutoa kwa kozi nyingi, ana Kenya Coast National Polytechnic na ana matawi ya KMTC: Mombasa, Port Reitz, Msambweni, Kilifi, Lamu. Mama aliyeolewa na mwenye watoto wadogo, au anayemlea mzee mgonjwa, siku hizi ana Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati mwaka 2023, ambacho masomo yake hufuatwa kwa mtandao. Hatukuulizwa hilo, lakini tunajua wapo wanaosoma safu hii na mtoto mapajani.

Wengine watauliza kuhusu vyuo vya Kiislamu. Chuo Kikuu cha Umma kiko Kajiado. Kile cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanza Mbale mwaka 1988, kimewasomesha vijana wengi wa Pwani, na kina kampasi ya wasichana peke yao kule Kabojja, Kampala. Ni milango mizuri. Lakini masharti ni yale yale: ikiwa kozi ni ya afya au uhandisi, uliza kwanza baraza la Kenya kama litamsajili akirudi. Jina la Uislamu juu ya lango haliondoi wajibu wa kuuliza. Sisi tumekwisha kulipa karo ya somo hilo.

Turudi kwa bint. Ijumaa baada ya Al-asiri walikuja tena, safari hii pamoja na binamu yake ajuaye kompyuta. Tukafungua orodha ya nafasi zilizobaki. Uuguzi Kilifi, ambao ndio moyo wetu sote ulioutaka, ulikuwa umejaa tangu mzunguko wa kwanza. Laiti angeuandika mwanzo! Mama akavuta pumzi. Uuguzi wa shahada ulibaki vyuo vichache tu vya mbali, na kimojawapo ni Masinde Muliro, Kakamega. Upande wa pili ilikuwepo diploma ya uuguzi ya KMTC, ambayo siku hizi nayo huombwa kupitia KUCCPS katika msimu wake, na tawi la Msambweni ni saa chache kutoka mlangoni kwao hata kwa kuhesabu foleni ya feri ya Likoni.

Basi hapo likawa ni shauri la kweli. Shahada ya mbali, au diploma ya karibu?

Mama alitaka Msambweni. Hoja yake si ndogo. Bint hajawahi kulala nje ya nyumba ya jamaa zake. Kakamega ni safari ya usiku na mchana, hakuna khaloo wala ammi huko, na nauli ya kurudi Idi peke yake ni mzigo. Diploma ni muda mfupi zaidi, ataanza kazi mapema, na mlango wa kuiendeleza hadi shahada uko wazi baadaye. Wauguzi wengi wakubwa tunaowajua wamepita njia hiyo. Baba, kwa simu kutoka Doha, usiku, baada ya zamu yake, alisema shahada ni shahada, hata ikiwa ni mwisho wa dunia. Ajabu ni kwamba saa arubaini na nane kabla yake alikuwa hataki kusikia jina lolote ila Nairobi.

Tukaulizwa sisi tuna rai gani. Tukiri kwamba mwanzoni tulielemea kwa mama. Sisi pia tuna mabinti, na suala la msichana kusafiri na kukaa peke yake wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu na hawakukubaliana kwa kauli moja. Wako waliosisitiza mahram, na wako wanaotazama amani ya njia na usalama wa makazi. Si pahala pa kulimaliza hapa. Lakini tulijizuia kutoa fatwa ya kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya uvivu wetu wa kuuliza. Tukasema: kabla ya kusema ni mbali, tujue kwanza huko mbali kuna nini.

Tukapiga simu. Kwanza kwa chuo: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aombe vipi kitanda ndani ya bweni, si chumba cha kupanga nje? Kisha tukamtafuta mtu wa Mumias. Wasomaji wengine huenda hawajui kwamba Uislamu uliingia Mumias zamani za Nabongo Mumia, kwa wafanyabiashara waliotoka Pwani hii hii, na mpaka leo kuna jamaa wa Kiislamu wa asili huko, na si mbali na Kakamega. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye chuoni utotoni, chuo cha Kurani, ameoa huko. Mkewe ni mwalimu. Alipochukua simu hakungoja tumalize: "Mleteni, atakuwa bint yangu. Mwisho wa juma atakuja kwetu." Mama wa Alkhamisi akaomba azungumze naye mwenyewe. Wakazungumza karibu ya saa nzima, na nusu yake ilikuwa juu ya upishi.

Iliyobaki ni pesa. Tangu mwaka 2023 utaratibu wa kugharimia vyuo umebadilika: hutazamwa hali ya nyumba, kisha gharama hugawanywa baina ya ufadhili wa serikali, mkopo, na sehemu ya kulipwa na jamaa. Utaratibu huo umebishaniwa mpaka mahakamani, kwa hivyo mzazi asitegemee maneno ya mwaka jana, atazame ulivyo siku anayoomba. Mambo mawili tu tunayasisitiza. Maombi ya fedha ni mbali na maombi ya kozi. Kupangiwa chuo hakukuletei ufadhili wenyewe, na wapo waliofika lango la chuo mikono mitupu kwa kudhani yote ni fomu moja. Na ufadhili si mkopo. Ufadhili haurudishwi, hauna nyongeza, na Mwislamu hana sababu ya kuuacha kwa kuogopa riba. Kuhusu mkopo wenyewe maswali yenu yamekuwa mengi, nasi tutalitengea juma lake inshaAllah pamoja na mashekhe wenzetu. Kuna pia hazina za kaunti na za maeneo ya bunge ambazo karatasi zake aghlabu huhitaji barua ya kupokewa. Basi barua hiyo ikitoka, inakiliwe mara tano.

Jumamosi jioni bint alikaa mbele ya kompyuta ya binamu yake. Mama alimwambia, mbele yetu, "Wewe ndiye utakayeamka saa kumi ya usiku kuingia wodini. Chagua." Akaandika Masinde Muliro juu. Chini yake akaandika shahada mbili za afya ya jamii zinazolingana na alama zake, moja ikiwa ni huku Pwani. Na wote wakakubaliana kwamba zote zikikataa, KMTC wakifungua maombi ataomba Msambweni siku ya kwanza, wala hapatakuwa na la kurudia mtihani. Akifika Kakamega na Kilifi ikaja kupata nafasi, upo pia utaratibu wa kuomba uhamisho baina ya vyuo, ikiwa alama zake zatosha na nafasi ipo. Tulimwambia asiutegemee.

Kabla ya kubonyeza aliomba asali istikhara. Tukamngoja. Baba akapigiwa simu akaambiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Kakamega kuna baridi kiasi gani, na kama sweta za Doha zinafaa.

Hadi tunaandika, majibu hayajatoka.

Ikiwa na nyumbani kwako kuna simu kama ile, njoo Alkhamisi hii baada ya Al-asiri, mahala pale pale pa darsa. Vijana wetu wawili waliokwisha pita njia hii watakuwepo na kompyuta, bila malipo. Mje na kijana mwenyewe, wala asiachwe nyumbani. Mje na namba yake ya mtihani, alama za kila somo na si jumla peke yake, cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha mzazi. Baba aliye Ghuba aambiwe mapema aiwache simu wazi.